ANB 6 lakini Wits 0: nishike kipimo kipi kwenye picha ya kichwa ya upande?

nukta_A

Salaam wadau. Naomba msaada wa kusoma sefalogramu (eksirei ya kichwa yenye vipimo) ya upande ya mgonjwa wa kike wa miaka 12. Magego ya kwanza yanaumana vizuri pande zote mbili (daraja la kwanza la Angle, yaani uainishaji wa jinsi magego yanavyoumana), midomo haifungi mpaka ikazwe, na meno ya mbele ya juu na ya chini yote yamelalia mbele. Picha ni ya kidijitali, ila nimeletewa ikiwa imechapwa kwenye filamu, nikaichora kwa mkono juu ya karatasi angavu. Vipimo ni hivi (pembe kwa nyuzi):

SNA 88, SNB 82, ANB 6 (pembe kati ya nukta: S katikati ya msingi wa fuvu, N juu ya pua, A mbele ya taya la juu, B mbele ya taya la chini)
Mstari wa SN na mstari wa taya la juu: 7
Mstari wa taya la juu na wa taya la chini: 27
Jino la mbele la juu kwa mstari wa taya la juu: 118
Jino la mbele la chini kwa mstari wa taya la chini: 101
Pembe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini: 124
Wits (umbali kati ya A na B ukipimwa kwenye mstari wa kuuma): milimita 0

Nikifuata ANB 6, hili ni daraja la pili la mifupa (taya la chini liko nyuma ya la juu) na ningefikiria kifaa cha kulisogeza mbele taya la chini wakati bado anakua. Nikifuata Wits, taya zimekaa sawa na tatizo ni la meno. Nishike lipi?

La pili: ukingo wa chini wa taya la chini unaonekana mara mbili. Kwenye pembe ya taya mistari hiyo imeachana kama milimita 4. Je, nimrudishe apigwe picha nyingine?

---

chumba_cha_giza

Mkuu, nijibu la pili kwanza, kwa sababu linahusu mionzi kwa mtoto. Usimrudishe kwa sababu hiyo peke yake. Milimita 4 kwenye pembe ya taya ni kitu cha kutarajiwa hata kichwa kikiwa kimekaa sawasawa kabisa.

Sababu ni umbali. Tangu Broadbent kule Marekani na Hofrath kule Ujerumani walipoweka utaratibu wa picha hii mwaka 1931, chanzo cha mionzi huwekwa mbali na mgonjwa, takriban sentimita 150 hadi kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Tuchukue mashine ambayo kihisi kipo sentimita 15 nyuma ya mstari huo. Katikati ya kichwa patakuzwa mara 165 kugawa kwa 150, yaani 1.10. Sasa pembe ya taya ya kushoto iko kama sentimita 4.5 karibu zaidi na kihisi, kwa hiyo ukuzaji wake ni 165 kwa 154.5, sawa na 1.07. Ya kulia iko karibu na chanzo: 165 kwa 145.5, sawa na 1.13. Mwale wa katikati hupita kwenye matundu ya masikio, na pembe ya taya iko kama milimita 60 chini yake. Upande wa kushoto utaangukia milimita 64 kutoka kwenye mwale, wa kulia milimita 68. Hizo ndizo milimita 4 zako. Mstari wa juu na mkali zaidi ni wa kushoto, wa chini na uliofifia kidogo ni wa kulia (kama mgonjwa alielekezwa shavu la kushoto kwenye kihisi, ambao ndio utaratibu wa kawaida). Chora mistari yote miwili, kisha weka gonioni (nukta ya pembe ya taya) katikati yake.

Kinachoonyesha kwamba kichwa kilikaa vibaya ni kitu kingine. Angalia vijiti vya masikio: pete ya upande mmoja na kitone cha upande wa pili vinapaswa kukaa kimoja ndani ya kingine, kwa kuwa vyote viko kwenye mwale wa katikati. Vikiwa vimekaa sawa lakini kingo za nyuma za taya la chini zimeachana sana kwa mlalo, kichwa kilizungushwa. Kama matundu ya macho na sakafu zake vimeachana kwa wima, kichwa kiliinama upande mmoja. Na kama pete na kitone havikutani kwa kila mgonjwa anayepigwa pale, mkono wa mashine umepoteza ulinganifu. Huyo mgonjwa hana kosa, na kumpiga tena hakutasaidia, mwite fundi.

Zaidi ya hayo, hakikisha meno yalikuwa yameumwa kikamilifu na midomo ililegea. Mgonjwa ambaye midomo yake haikutani akiambiwa "funga mdomo", misuli ya kidevu hujikunja na wasifu wa uso kwenye picha unakuwa si wake. Taya la chini likiwa limening'inia hata milimita chache, nukta B inarudi chini na nyuma, SNB inapungua na ANB inapanda. Angalia magego: kama kuna mwanya mweusi kati ya ya juu na ya chini, vipimo vyote vya taya la chini havina maana, na hapo ndipo kurudia picha kunakuwa na hoja.

Jambo la mwisho ni chapa. Filamu iliyochapwa kwa mpangilio wa "jaza ukurasa" haina tena ukubwa wake halisi. Kwenye kijiti cha paji la uso huwa kuna rula ya chuma. Ipime kwa rula yako. Kama milimita 100 za rula ile zinasomeka 91 kwenye filamu, kila kipimo cha urefu unachotoa, Wits ikiwemo, kinahitaji kugawanywa kwa 0.91. Pembe hazibadiliki kwa kupunguza au kukuza, ila zinabadilika kama picha imevutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Omba faili halisi la DICOM (muundo wa picha za kitabibu). Picha iliyonaswa kutoka kwenye skrini haibebi taarifa za ukubwa.

---

fuvu_na_taya

Nukta_A, kabla ya kuchagua kati ya ANB na Wits, jumlisha pembe nne: jino la juu 118, jino la chini 101, taya kwa taya 27, na kati ya meno 124. Unapata 370. Mistari hiyo minne inafunga umbo la pande nne, kwa hiyo lazima jumla iwe 360. Kuna nyuzi 10 zimezidi mahali.

Zingatia kwamba kuweka ncha ya mzizi mahali pasipo sahihi hakuharibu jumla. Mstari ukihama, pembe mbili zinabadilika kwa pamoja na bado unapata 360. Jumla isipofunga, ama kipimapembe kimesomwa vibaya, ama mstari wa jino ulichorwa mara ya pili bila kufuata ule wa kwanza. Ningeanza na ile 124, kwa sababu 114 ndiyo inayoendana na meno yaliyolala kiasi hicho.

Sasa swali lenyewe. ANB haipimi taya la juu dhidi ya taya la chini peke yake. Inapima taya zote mbili zikitazamwa kutoka N, na N iko kwenye kiungo cha mfupa wa paji na mifupa ya pua, mbali kabisa na meno. Uso ambao taya zote mbili zimesogea mbele ya fuvu utakuwa na SNA kubwa, SNB kubwa, na ANB itapanuka tu kwa jiometri hata kama A na B zimepangana vizuri. SNA yako ya 88 inapiga kelele kuhusu hilo.

Kuna marekebisho rahisi yaliyotoka Eastman, hospitali ya meno ya London, ambako wastani wa SNA ni 81 na ANB ni 3, jumlisha au toa 2. Kwa kila nyuzi moja ambayo SNA imezidi 81, punguza nusu kwenye ANB. Ikipungua chini ya 81, ongeza nusu. Kwako: 88 toa 81 ni 7, nusu yake ni 3.5, na 6 toa 3.5 inabaki 2.5. Hilo ni daraja la kwanza la mifupa. Marekebisho haya yana sharti lake, ambalo wengi hulisahau: pembe ya SN kwa mstari wa taya la juu iwe kati ya 5 na 11. Yako ni 7, unaruhusiwa kuyatumia. Ingekuwa 14, maana yake msingi wa fuvu wenyewe umeinama isivyo kawaida au N imewekwa juu mno, na kusahihisha ANB kwa njia hii kungekudanganya zaidi.

Wits ya 0 inakubaliana na 2.5 hiyo. Jacobson alipoitangaza mwaka 1975 alionyesha kwamba kwa wanawake wenye mpangilio mzuri nyayo za A na B (pale zinapoangukia kwa pembe mraba) kwenye mstari wa kuuma hukutana, na kwa wanaume ya B hutangulia kwa milimita 1 hivi. Uzuri wake ni kwamba haigusi N. Udhaifu wake ni mstari wa kuuma. Upitishe kwenye mapishano ya magego na magego madogo, usiuvute hadi kwenye meno ya mbele. Kwa mtoto wa miaka 12 ambaye baadhi ya magego madogo bado hayajatoka yote, hapo ndipo mkono unapotetereka. A na B zimeachana kwa wima kama milimita 40, kwa hiyo ukiinamisha mstari huo kwa nyuzi 5 tu, Wits inahama milimita 3.5. Chora upya siku nyingine bila kuangalia mchoro wa kwanza. Ukipata kati ya -1 na 1, iamini.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vipimo viwili havigombani. ANB ghafi ndiyo iliyokuwa inasema kitu tofauti na unachokidhani.

Kuhusu meno ya mbele: wastani wa Eastman ni 109 kwa la juu na 93 kwa la chini, kila moja jumlisha au toa 6. Yako yamezidi yote mawili, kwa 9 na kwa 8. Lakini wastani ule, sawa na ule wa Steiner wa 1953 (SNA 82, SNB 80, ANB 2), ulitokana na watu wenye asili ya Ulaya. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, taya kusogea mbele na meno ya mbele kulalia mbele ni umbo la kawaida la uso, wala si ugonjwa wa kurudishwa kwenye 109. Ukitumia jedwali lisilo la jamii ya mgonjwa, utang'oa magego madogo manne kumtibu mtu dhidi ya uso wake mwenyewe. Kama kuna kipimo cha kuamua, ni midomo: imelegea, imeachana kwa milimita ngapi? Na mgonjwa mwenyewe analalamikia nini? Hayo hayapo kwenye filamu.

Kifaa cha kusogeza taya la chini mbele kiondoe kwenye mpango. Vifaa hivyo husukuma meno ya mbele ya chini yalalie mbele zaidi, na yake tayari yako 101. Tena magego yake yanaumana sawa, kwa hiyo ungempeleka kwenye daraja la tatu (la chini likitangulia la juu).

---

nukta_A

Asanteni sana. Nimepima upya, pembe kati ya meno ni 114 na jumla inafika 360. Rula ya chuma inasoma milimita 110, pete na kitone vimekaa sawa, magego yamefungana.

Maswali mawili yamebaki. Kuna aliyependekeza picha ya kiganja na kifundo cha mkono ili kujua ukuaji umefika wapi, kuna haja? Na chonge la juu la kushoto halipapasiki upande wa shavu, la utoto bado lipo. Picha ya panorama (ya taya zote kwa pamoja) inaonyesha taji la chonge limepishana na mzizi wa jino la pili la mbele, lakini halijavuka mstari wa katikati wa mzizi huo. Niagize CBCT (picha ya pande tatu) moja kwa moja?

---

gego_la_sita

Picha ya mkono iache. Pingili za shingo tayari ziko kwenye sefalogramu yako, na kwa uamuzi wa kiasi hiki zinatosha. Tazama C2, C3 na C4 (pingili ya pili, ya tatu na ya nne) kwa mfumo wa Baccetti, Franchi na McNamara wa 2005. Kingo za chini za zote tatu zikiwa bapa ni hatua ya 1. C2 ikianza kubonyea chini ni ya 2. C2 na C3 zikibonyea ni ya 3. Zote tatu, huku C3 na C4 zikiwa mistatili iliyolala, ni ya 4. Moja kati ya C3 na C4 ikiwa mraba ni ya 5, ikiwa ndefu kuliko upana wake ni ya 6. Kilele cha ukuaji wa taya la chini huangukia kati ya hatua ya 3 na ya 4. Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana kwa hatua moja, hasa pale mbonyeo wa C3 unapokuwa mdogo, kwa hiyo usiisome kama saa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kifaa cha kukuza taya kimeondolewa kwenye mpango, hatua hiyo haitabadilisha matibabu kwa sasa, na picha ambayo jibu lake halibadilishi kitu haina sababu ya kupigwa.

Chonge ndilo la haraka, tena nashangaa limekuja mwishoni mwa mjadala. Kuanzia miaka 10 chonge la juu linapaswa kupapasika juu ya ufizi upande wa shavu. Kwanza ujue liko upande gani. Una panorama, ambayo mwale wake hutoka chini kidogo kuelekea juu. Ongeza picha moja ya kuuma ya taya la juu, tyubu ikielekezwa kutoka juu kwa nyuzi 70 hivi. Linganisha: tyubu imepanda, kama taji la chonge nalo limepanda kuhusiana na mzizi wa jino jirani, liko upande wa kaakaa. Likishuka, liko upande wa midomo. Lisipohama, liko kwenye mstari wa upinde wa meno.

Likiwa upande wa kaakaa, umri wa miaka 12 bado unakupa nafasi. Ericson na Kurol mwaka 1988 walionyesha kwamba kung'oa chonge la utoto kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 kulirudisha chonge la kudumu kwenye njia yake kwa asilimia 91 pale taji lilipokuwa halijavuka katikati ya mzizi wa jino la pili la mbele, na kwa asilimia 64 pale lilipovuka. Mgonjwa wako yuko kwenye kundi la kwanza, ilimradi nafasi kwenye upinde wa meno ipo. Rudia picha baada ya miezi 12 hivi kwa mkao uleule; lisiposogea, panga kulifunua na kulivuta.

CBCT ina mahali pake: pale unapohofia mzizi wa jino jirani unaliwa na picha za kawaida hazikuonyeshi, au pale mpasuaji anapohitaji kujua ataingilia wapi. Hapo chagua eneo dogo, la meno machache tu, si fuvu zima. Sefalogramu hutoa chini ya mikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 10, panorama takriban 5 hadi 25, wakati CBCT huanzia makumi na kufika mamia kulingana na ukubwa wa eneo na mpangilio wa mashine. Mionzi ya asili inayotuzunguka ni kama mikrosiveti 2,400 kwa mwaka kwa wastani wa dunia, kwa hiyo hakuna cha kumtisha mzazi, ila mtoto huathirika na mionzi zaidi ya mtu mzima na kila picha inadai sababu yake.

---

chumba_cha_giza

Naongeza mawili juu ya hapo. Kabla ya kuamua "taji halijavuka katikati", hakikisha panorama yenyewe ilipigwa sawa, maana meno ya mbele ndiyo yanayoharibika kwanza. Mgonjwa akisimama mbele ya mahali pake, meno ya mbele yanatoka membamba. Akisimama nyuma yake, yanatoka mapana na chonge la kaakaa linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kidevu kikiinama sana, meno yanapinda kama tabasamu lililozidi na mizizi ya chini ya mbele inafifia. Kikiinuliwa, mstari wa kuuma unakuwa bapa na kaakaa linafunika mizizi ya juu, palepale chonge lilipo. Ulimi usipobanwa kwenye kaakaa, utepe mweusi unapita juu ya ncha za mizizi hiyo. Herini iliyosahaulika hutoa kivuli chake upande wa pili, juu zaidi na kikiwa na ukungu.

La pili ni kola ya risasi ya shingoni. Kwenye panorama inaingia kwenye njia ya mwale na kuacha doa jeupe chini katikati. Kwenye sefalogramu inafunika C3 na C4, na ukizihitaji pingili hizo hutazipata tena bila kumpiga upya. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilipendekeza Februari 2024 kwamba aproni na kola za risasi zisitumike tena kwenye picha za meno, mkazo uwe kwenye kubana mwale ufikie eneo linalohitajika tu. Pale sheria ya nchi bado inazidai, fuata sheria, lakini mwambie mpiga picha mapema kama unataka kusoma shingo.

Na kuhusu 110 uliyopata kwenye rula: hiyo ni ukuzaji wa 1.10 wa mashine yenyewe bila kusahihishwa, kwa hiyo filamu ilichapwa kwa ukubwa kamili wa kihisi. Gawanya milimita zako zote kwa 1.10, na andika namba hiyo kwenye kona ya mchoro. Picha ya mwisho wa matibabu ikitoka kwenye mashine nyingine yenye ukuzaji tofauti, bila namba hiyo utadhani taya limekua milimita kadhaa wakati ni mashine iliyobadilika.